Uzururaji (kosa la jinai)

Uzururaji ni kosa la kuonekana hadharani bila kazi, bila makao au bila njia ya wazi ya kujipatia riziki. Halina aliyeibiwa wala aliyepigwa. Mshtakiwa huadhibiwa kwa hali aliyonayo, hata kama hakuna alilotenda, na ndiyo maana wanasosholojia wa uhalifu wamelitumia mara nyingi kupima nadharia zao.

Chimbuko lake linalojulikana zaidi ni Uingereza. Baada ya tauni iliyoingia huko mwaka 1348 kuua sehemu kubwa ya watu, vibarua waliosalia walianza kudai ujira mnono na kuhama mashamba. Mwaka 1349 Mfalme Edward III aliamuru kila mwenye afya aliye chini ya miaka 60 na asiye na kazi amtumikie anayemhitaji, kwa ujira wa kabla ya tauni. Hata kumpa sadaka ombaomba mwenye nguvu zake kulipigwa marufuku.

Mwanasosholojia Mmarekani William Chambliss aliishika historia hiyo katika makala ya mwaka 1964. Kwake, sheria ilizaliwa ili kuwafunga wafanyakazi kwa mabwana wenye ardhi. Haja hiyo ilipopungua ikalala, kisha katika karne ya 16 ikaamshwa kuwalinda wafanyabiashara dhidi ya wezi wa njiani. Makala hiyo ikawa nguzo ya nadharia ya mgongano, inayosema kwamba sheria hufuata maslahi ya wenye nguvu. Mwaka 1989 Jeffrey Adler aliipinga, akisema ushahidi hauelemei upande wa uchumi peke yake. Pingamizi hilo lina uzito, ingawa amri ya 1349 yenyewe haikuficha ilikuwa inamtumikia nani.

Émile Durkheim, aliyeona adhabu kuwa njia ya jamii kuthibitisha hisia inazozishiriki, hapa anapata taabu: ni vigumu kusema mtu aliyekaa barazani bila kazi ameumiza hisia za nani. Robert Merton, mwaka 1938, aliwaweka wazururaji miongoni mwa waliojitoa, yaani walioacha malengo ya jamii pamoja na njia halali za kuyafikia. Lakini wengi wanaokamatwa hawajajitoa popote, wanatafuta kazi. Anayewaeleza vizuri zaidi ni Howard Becker, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1963 alisema ukiukaji wa kaida hutokana na watu kutunga kanuni na kuwabandika wengine jina la wakosaji. Kijana aliyekwisha kuitwa mhuni mbele ya hakimu hupata shida zaidi kuajiriwa, na kesho yake polisi humkuta palepale.

Waingereza waliieneza sheria hii katika makoloni yao. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika vifungu vya 176 na 177, ilirithi lugha hiyo, pamoja na kumtaja mtu anayesifika kwa wizi asiyeweza kueleza vizuri habari zake. Sifa mbaya mtaani ikageuka sehemu ya kosa. Uhuru haukuifuta fikra hiyo. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania ilianzisha operesheni ya Nguvu Kazi, ambapo wakazi wa Dar es Salaam walioonekana hawana kazi rasmi walikamatwa na kupelekwa vijijini kulima. Mchuuzi aliyejitafutia riziki kwa jasho lake angeweza kuhesabiwa mzembe, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kuthibitisha kazi yake.

Nchini Marekani, Mahakama ya Juu ilibatilisha amri ya uzururaji ya mji wa Jacksonville mwaka 1972 kwa kuwa ilikuwa na utata mno. Kenya ilifuta Sheria ya Uzururaji mwaka 1997. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za aina hii zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba mataifa yanapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Maoni ya ushauri hayana nguvu ya hukumu, hivyo utekelezaji umebaki mikononi mwa kila nchi.