Wafuaji wa Laugardalur

Wageni wengi wanaozuru Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, huelekezwa kwanza kwenye maduka na mikahawa ya barabara ya Laugavegur, lakini ni wachache wanaoelezwa kwamba barabara hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka 1885, ilikusudiwa kuwarahisishia safari wanawake waliokwenda kufua nguo katika bonde la Laugardalur, penye chemchemi za maji moto, yaani maji yanayopashwa joto chini ya ardhi na kububujika yenyewe. Wengi wao walikuwa watumishi wa ndani, nao walitembea takribani kilomita 3 wakiwa wamebeba mgongoni nguo, beseni, ndoo, ubao wa kufulia na sabuni, kisha wakarudi na mzigo uliozidi uzito kwa sababu nguo zilikuwa zingali mbichi. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari kweli kweli: baadhi yao walitumbukia katika maji hayo wakaungua na kufa, hata mwanzoni mwa karne ya 20 yakawekwa matao ya chuma juu ya mkondo ili kuwakinga. Historia ya mji huu isiyowataja wanawake hao ina upungufu mkubwa, kwa kuwa wao walijua thamani ya maji yale kabla ya wahandisi. Mwaka 1930 bomba lilipeleka maji ya bonde hilohilo katika shule na nyumba kadhaa, ukawa mwanzo wa mfumo wa kupasha majengo joto ambao leo unahudumia karibu mji mzima.