Mawasiliano ya Kazini: Chombo Kipi kwa Watu wa Ndani, Kipi kwa Watu wa Nje?

Wadau, swali hili naulizwa sana na wenye ofisi ndogo: tutumie nini kuwasiliana kazini bila mambo yetu kuvuja? Leo nalijibu kwa urefu kidogo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza, nani anaweza kuusoma ujumbe ukiwa njiani au kwenye seva. La pili, nani anaamua aingie nani na atoke nani. Ofisi nyingi zinahangaika na la kwanza, halafu zinaumizwa na la pili.

WhatsApp. Tangu Aprili 2016 ujumbe unafungwa kwa msimbo toka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji. Ila nakala ya akiba inayokwenda Google Drive au iCloud inabidi uwashe ulinzi huo mwenyewe. Nafasi hiyo ipo tangu 2021. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba akaunti ni ya namba ya mtu, si ya ofisi. Kuna ofisi niliyowahi kuisaidia, mhasibu aliacha kazi na miezi kadhaa baadaye bado yumo kwenye grupu, anasoma bei za zabuni kama kawaida. Hakuna aliyevunja msimbo. Mtu kaondoka, admini hakumtoa, basi.

Signal. Msimbo wake ndio huohuo ambao WhatsApp waliuchukua, na inaendeshwa na shirika lisilo la faida. Tangu 2024 unaweza kumpa mtu jina la utumiaji badala ya namba yako ya simu. Kwa wakili na mteja wake, au mwandishi na mtoa habari wake, naipendekeza. Lakini kumbukeni Machi 2025: wakubwa wa serikali ya Marekani walijadili mashambulizi ya Yemen kwenye grupu la Signal, kumbe mhariri wa The Atlantic, Jeffrey Goldberg, kaingizwa humo kimakosa. Msimbo ulifanya kazi yake vizuri tu!

Telegram. Wengi wanadhani ni ya siri kuliko zote. Mazungumzo ya kawaida na magrupu yake hayafungwi toka mtu hadi mtu. Ni yale ya Secret Chats tu, ya watu wawili. Kwa matangazo sawa, kwa mikataba hapana.

Slack na Microsoft Teams. Hapa mwenye nyumba ni ofisi. Ujumbe unafungwa njiani na kwenye seva, lakini gumzo za kawaida hazifungwi toka mtu hadi mtu, kwa hiyo mwajiri anaweza kuzipata. Wafanyakazi waambiwe hilo mapema. Faida yake: mtu akiacha kazi, unafunga akaunti moja na mchezo umekwisha. Watu wa nje wanaingia kama wageni. Kwenye Slack huduma hiyo ni ya kulipia, na mgeni anaona chaneli ulizompa tu. Kwenye Teams angalieni sana: mgeni akiingizwa kwenye timu, anaona chaneli zote za kawaida za timu hiyo. Kila mteja afunguliwe timu yake ya pembeni.

Matrix. Hii unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe. Serikali ya Ufaransa ilizindua Tchap, iliyojengwa juu yake, mwaka 2019. Bila fundi wa kudumu usiiguse.

Kwa ofisi ya watu kumi hivi, mimi ningefanya hivi:

1. Mambo ya ndani yote yakae kwenye chombo ambacho akaunti ni za ofisi.
2. Watu wa nje wawe na chumba chao, chenye mwenyeji mmoja anayejulikana na tarehe ya kufungwa.
3. Kila akaunti iwe na uthibitisho wa hatua mbili.
4. Kila mwezi, soma orodha ya waliomo. Usiyemjua, mtoe kwanza, uliza baadaye.
5. Siku mtu anapoacha kazi, akaunti ifungwe siku hiyohiyo.

Na hili si suala la siri za biashara tu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019. Tanzania ilitunga yake 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Nakala ya kitambulisho cha mteja ikizagaa, ofisi ndiyo itakayoulizwa.

Haya, ofisini kwenu mnatumia nini? Wenye uzoefu tupeni darasa hapo chini.