Siku moja peke yangu Bruxelles: shaba ya Katanga na makaburi saba ya Tervuren

Wengi wetu hapa Lubumbashi tuna jamaa Bruxelles. Mtu akienda huko anapokelewa uwanjani, anapelekwa Matonge kununua sombe na samaki wa chumvi, anapigwa picha, safari imekwisha. Mimi nilibahatika kukosa mwenyeji siku moja nzima, kwa sababu jamaa yangu alikuwa kazini. Nilinunua tiketi ya siku, nikatembea peke yangu. Nawaeleza njia niliyofuata, maana ni njia ya historia yetu.

Nilianzia Place du Trône, karibu na jumba la mfalme. Pale yupo Léopold II juu ya farasi, katika sanamu iliyosimamishwa mwaka 1926. Ndiye aliyeshika Kongo kama mali yake binafsi tangu 1885 mpaka 1908, wakati watu walipokatwa mikono na vijiji kuchomwa kwa ajili ya mpira. Juni 2020 sanamu ile ilipakwa rangi nyekundu na waandamanaji. Lakini kilichonisimamisha ni maandishi yanayosema kwamba shaba na bati za sanamu zilitoka Kongo ya Wabelgiji, na kwamba zilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga.

Nilisoma mara mbili. Union Minière iliundwa mwaka 1906, ndiyo iliyorithiwa na Gécamines, na mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba hiyohiyo. Léopold hakukanyaga Kongo hata siku moja, lakini udongo wa Kongo ndio uliomtengeneza pale juu. Maandishi yanamtaja aliyetoa. Aliyechimba hayamtaji.

Toka hapo ni dakika chache kwa miguu mpaka Porte de Namur, mlango wa Matonge. Mtaa huo ulipata jina lake kutoka Matonge ya Kinshasa. Hapo pana uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, uliofunguliwa tarehe 30 Juni 2018. Mwendo ni mfupi kati ya Léopold na Lumumba, lakini kati ya sanamu ya mmoja na kibao cha mwingine zilipita miaka 92.

Lumumba naye aliujua mji huu. Januari 1960 alitolewa gerezani Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akapandishwa ndege mpaka Bruxelles kuhudhuria Meza ya Duara, mahali ilipopangwa tarehe ya uhuru, 30 Juni. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Januari 1961, aliuawa hapa kwetu, Shilatembo. Tarehe 20 Juni 2022, katika Palais d'Egmont, si mbali na uwanja ule, Ubelgiji ilirudishia familia yake jino lake moja, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Wengi wenu mnakumbuka jeneza lile lilipopita Shilatembo.

Baada ya mchana nilishuka kwenye metro mpaka Cinquantenaire, kutazama tao kubwa la mawe la mwaka 1905. Watu wanapiga picha chini yake. Léopold alilijenga kwa fedha za Kongo, akiwatanguliza watu wengine ili isijulikane ni yeye anayelipa. Charles Girault, aliyelichora tao hilo, ndiye pia aliyechora jumba la makumbusho ya Tervuren, lililofunguliwa mwaka 1910. Kwa hiyo niliendelea huko. Kituo cha Montgomery unapanda tramu namba 44, inapita kando ya msitu mpaka mwisho wa njia.

Sikuanza na makumbusho. Nilitafuta kwanza kanisa la Tervuren. Mwaka 1897, wakati wa maonyesho makubwa ya Bruxelles, Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji. Walikalishwa katika vijiji vya kuigiza ili watu waje kuwatazama, na waliokuja walipita milioni moja. Baridi na mvua za mwaka ule ziliwaletea magonjwa ya kifua. Saba walikufa. Hawakuzikwa kwenye ardhi iliyobarikiwa; mwaka 1953 ndipo mifupa yao ilipohamishiwa pembeni ya kanisa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Nilikuwa peke yangu, nikayasoma kwa sauti.

Ndani ya makumbusho, yaliyofunguliwa upya Desemba 2018, pana ukuta wenye majina zaidi ya 1,500 ya Wabelgiji waliokufa Kongo. Msanii wetu Freddy Tsimba ameandika majina ya wale saba kwenye vioo vya dirisha. Jua likitoka, kivuli cha majina yao kinaangukia juu ya yale ya ukutani. Wingu likipita, yanapotea.

Jioni kwenye tramu nilimfikiria baba ya babu yangu. Aliletwa Katanga kuchimba shaba katika miaka ile ya sanamu. Nyumbani hatuna picha yake, wala hakuna anayejua amezikwa wapi. Inawezekana mkono wake upo katika farasi yule wa Place du Trône, na inawezekana haupo. Jina lake tunalo bado kwa sababu shangazi mmoja analikumbuka.

Basi mkienda Bruxelles, ombeni siku moja ya kutembea wenyewe. Somesheni watoto vibao. Na kabla ya kuondoka, kaeni na wazee wenu na daftari, muandike majina ya waliofanya kazi Kipushi, Likasi na Kolwezi. Mimi nilianza Jumapili niliyorudi. Shangazi amenipa majina 11.