Mchujo: Karne na zaidi ya kugombania kupanda daraja Uingereza

Mei 24, 2025, Sheffield United waliingia Wembley kwa fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu, wakiwa wamemaliza ligi na pointi 90. Wapinzani wao, Sunderland, walikuwa na 76. Sheffield walitangulia kufunga, Eliezer Mayenda akasawazisha, na dakika ya 95 kijana Tommy Watson akapiga shuti lililotinga kona ya wavu. Sunderland wakapanda Ligi Kuu. Timu iliyowazidi kwa pointi 14 ikarudi nyumbani kujipanga upya kwa msimu mwingine wa daraja lile lile.

Mashabiki wa Sheffield walikuwa na haki ya kulalamika. Miezi tisa ya jasho, mechi 46, halafu hesabu yote inafutwa alasiri moja. Lakini ugomvi huu haukuanzia kwao. Umri wake unakaribia ule wa ligi yenyewe.

Ligi ya Uingereza ilianza mwaka 1888 ikiwa na timu 12. Mwaka 1892 likaongezwa Daraja la Pili, na viongozi wakalazimika kuamua nani apande na nani ashuke. Hawakutaka bingwa wa chini apande moja kwa moja. Waliona timu ya daraja la chini lazima ithibitishe uwezo wake mbele ya timu ya daraja la juu, kwa hiyo wakaweka mechi za majaribio: timu tatu zilizoburuza mkia juu zikutane na tatu bora za chini. Mwaka 1893 Small Heath, ambao leo ni Birmingham City, walitwaa ubingwa wa Daraja la Pili, wakapangiwa Newton Heath walioshika nafasi ya mwisho juu. Mechi ya kwanza ilikuwa sare ya 1-1. Ya marudiano Newton Heath wakashinda 5-2. Bingwa akabaki chini, na aliyeburuza mkia akabaki juu. Newton Heath ndio waliokuja kuitwa Manchester United, kwa hiyo shabiki wao anayebeza mchujo na akumbuke kwamba majaribio yale ndiyo yaliyoinusuru timu yake.

Utaratibu huo ulikufa kwa aibu. Kufikia 1898 mechi za majaribio zilikuwa zimegeuzwa kuwa kundi la timu nne, nyumbani na ugenini, timu mbili kutoka kila daraja. Kufikia mechi ya mwisho, Stoke na Burnley waliokutana humo walijua kwamba wakitoka sare, wote wawili wangecheza Daraja la Kwanza msimu unaofuata. Unaweza kukisia kilichotokea. Mechi iliisha kwa suluhu, na simulizi za wakati ule zinasema hapakupigwa hata shuti moja la kweli langoni. Watazamaji walikasirika kiasi cha kuanza kuuzuia mpira kila ulipotoka nje, ukaletwa mwingine, nao wakauzuia. Hawakuwa wahuni. Walilipa kiingilio kuona mashindano, wakaoneshwa makubaliano.

Ligi ilijibu kwa njia mbili. Daraja la Kwanza liliongezwa kutoka timu 16 hadi 18, na wenzao wa kundi, Newcastle na Blackburn, walioumizwa na suluhu ile wakapewa nafasi. Kisha majaribio yakafutwa kabisa: kuanzia msimu wa 1898-99, wawili wa mkiani juu walishuka, wawili wa kwanza chini walipanda. Sheria fupi, isiyohitaji maelezo.

Hata sheria hiyo fupi ilipindishwa. Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ligi iliongeza timu za Daraja la Kwanza kutoka 20 hadi 22. Arsenal walikuwa hawajamaliza katika nafasi mbili za juu za Daraja la Pili katika msimu wa mwisho kabla ya mapumziko ya vita, ule wa 1914-15, lakini kura zilipopigwa na viongozi wakapata 18, dhidi ya nane za Tottenham. Tottenham wakashuka na Arsenal wakapanda bila kushinda mechi hata moja kwa ajili hiyo, na tangu siku hiyo hawajashuka. Kwangu, kura ile ni mbaya kuliko mchujo wowote. Ukifungwa uwanjani unajua umefungwa na nani.

Miaka iliyofuata ilileta marekebisho madogo, kama vile timu tatu kupanda na tatu kushuka kuanzia msimu wa 1973-74, na pointi tatu kwa ushindi kuanzia 1981. Mabadiliko makubwa yalisubiri janga.

Mei 1985 soka ya Uingereza iliingia katika kiza. Moto uliua watu 56 katika uwanja wa Bradford, na wiki chache baadaye watu 39 walikufa Heysel, Ubelgiji, kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus. Viwanja vikawa vitupu. Msimu wa 1985-86 waliohudhuria mechi za ligi walikuwa takriban milioni 16.5, wakati msimu wa 1948-49 walizidi milioni 41. Klabu zilikuwa zinakufa njaa, na ikifika Machi nusu ya timu hazikuwa na cha kushindania. Katika makubaliano ya Desemba 1985 viongozi waliamua kupunguza Daraja la Kwanza hadi timu 20 na kurudisha mchujo. Wakauita jaribio la miaka miwili.

Mchujo wa kwanza ulichezwa mwaka 1987, ukihusisha timu moja ya Daraja la Kwanza na tatu za Daraja la Pili. Oldham, walioshika nafasi ya tatu, walitolewa kwa sheria ya bao la ugenini na Leeds, timu waliyokuwa wameizidi kwa pointi saba. Leeds nao wakaangukia kwa Charlton katika mechi ya tatu ya fainali, mabao mawili ya beki Peter Shirtliff yakiibakiza Charlton juu katika dakika za mwisho za muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata Chelsea waliingia mchujo huo wakiwa timu ya juu, Middlesbrough wakawashusha.

Msimu huo wa 1987 ndio pia uliofuta kura katika ngazi ya chini kabisa. Zamani timu za mwisho za Daraja la Nne ziliomba kura ili zibaki, na kwa kawaida wenzao waliwahurumia. Kuanzia hapo wa mwisho alitoka, bingwa wa daraja la tano akaingia. Siku ya mwisho Torquay walikuwa wanazama nyumbani, wamefungwa 2-1 na Crewe, pale mbwa wa polisi aitwaye Bryn alipomng'ata beki wao Jim McNichol. Mwamuzi akaongeza dakika za matibabu, na ndani ya dakika hizo Paul Dobson akasawazisha. Torquay wakanusurika kwa tofauti ya mabao. Walioshuka ni Lincoln City.

Mwaka 1990 fainali ilihamia Wembley, mechi moja tu, na hapo mchujo ukawa sikukuu. Lakini lawama hazikuisha. Mwaka huo huo Newcastle, wa tatu, walitolewa na majirani zao Sunderland waliokuwa wa sita. Sunderland wakafungwa fainali na Swindon, kisha wakapandishwa wao, kwa sababu Swindon walipatikana na makosa ya fedha.

Sisi Watanzania tuna deni kwa mchujo. Aston Villa walimaliza wa tano mwaka 2019, wakawafunga Derby 2-1 Wembley, wakapanda. Januari 2020 timu hiyo hiyo ikamsajili Mbwana Samatta, na Februari 1 akawa Mtanzania wa kwanza kufunga bao Ligi Kuu ya Uingereza, katika mechi dhidi ya Bournemouth. Kwa utaratibu wa 1899 Villa wangebaki chini, na Samatta huenda asingevaa jezi yao.

Kwa hiyo sitaki mchujo ufutwe. Unaipa timu ya nane au ya kumi sababu ya kupigana Aprili, na mashabiki wake sababu ya kukata tiketi. Ninachokitaka ni msimu uwe na uzito ndani ya mchujo. Ligi ya daraja la tano ilianza kufanya hivyo msimu wa 2017-18: kabla ya fainali, mechi ni moja, na inachezwa nyumbani kwa aliyemaliza juu zaidi. Ni malipo madogo kwa kazi ya miezi tisa, lakini ni malipo. Ngazi za juu ziige.