Weupe Uliotoka Ziwani

Anayemfuga aksolotli mweupe tangu udogoni huenda siku moja akaona vidoa vyeusi vimejitokeza usoni na mgongoni mwa mnyama wake, na roho ikamruka. Je, ni ugonjwa? Mara nyingi si ugonjwa. Ni rangi iliyochelewa kufika. Ili kuelewa kwa nini imechelewa, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 150, hadi kwenye vita ambavyo havikuwahusu wanyama hata kidogo.

Aksolotli ni amfibia wa jamii ya salamanda. Kwao ni Xochimilco, eneo la maziwa na mifereji lililo kusini mwa jiji la Mexico City. Chura huacha ukiluwiluwi akahamia nchi kavu, lakini aksolotli hukulia majini, huzalia majini na huzeekea humo humo, matamvua yake yakining'inia nje ya kichwa kama manyoya. Waazteki walimla, tena walimhusisha na mungu wao Xolotl. Kisa kilichoandikwa katika karne ya 16 kinaeleza kwamba miungu ilipotakiwa kufa ili jua lianze mwendo wake, Xolotl alikimbia. Alijigeuza mhindi wenye mabua mawili, akagunduliwa. Akajigeuza mmea wa jamii ya mkonge, akagunduliwa tena. Mwisho akaingia majini akawa aksolotli, na huko ndiko alikokamatwa na kuuawa.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Alexander von Humboldt alimpelekea Georges Cuvier, mtaalamu wa wanyama mjini Paris, aksolotli waliokwisha kufa. Cuvier alihisi kwamba alichokishika mkononi ni mtoto wa mnyama fulani, si mnyama mzima. Lakini maiti haikui, hivyo swali likabaki.

Kisha vikaja vita. Napoleon wa Tatu alituma jeshi Meksiko, nalo likaingia Mexico City mwaka 1863. Pamoja na msafara huo, aksolotli 34 wakiwa hai walisafirishwa hadi Paris. Wengi walikuwa na rangi yao ya kawaida, weusi wenye ukijani na madoadoa, rangi inayomficha mnyama katika maji ya tope. Dume mmoja alikuwa mweupe.

Auguste Duméril wa Makumbusho ya Historia ya Asili alipewa sita, madume watano na jike mmoja. Januari 1865 jike alitaga. Kabla ya mwaka kwisha, baadhi ya watoto walianza kubadilika mbele ya macho yake: matamvua yalinywea, pezi la mgongoni likatoweka, ngozi ikapata madoa ya manjano, wakawa salamanda wa nchi kavu. Kumbe Cuvier alikuwa amekaribia ukweli. Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba mnyama aliyebaki katika umbo la kitoto angeweza kuzaa.

Duméril aligawa watoto na wajukuu wa wale sita kwa wanasayansi mbalimbali wa Ulaya. Kutoka kizazi hadi kizazi, wakaenea katika maabara na, baadaye, katika matangi ya majumbani. Sura nyeupe tunayoijua leo chimbuko lake ni hapo.

Weupe wenyewe una maelezo yake. Katika kiinitete, seli za rangi huanzia upande wa juu wa mgongo, kisha husafiri kushuka mbavuni na tumboni. Kwa aksolotli mweupe nyingi hushindwa kusafiri. Macho hubaki meusi, kwa sababu rangi ya ndani ya jicho haitegemei safari hiyo. Anapokua, seli chache zilizofika kichwani na mgongoni huweza kuonekana kama vidoa, na hivyo ndivyo vinavyomtia mfugaji hofu. Yule wa rangi ya dhahabu ana historia nyingine. Katika miaka ya 1960, mtafiti R. R. Humphrey wa Marekani aliingiza ualbino kwa aksolotli kwa kuwachanganya na salamanda wa spishi nyingine.

Lakini si kila badiliko la rangi ni la kupuuzwa. Wekundu wa matamvua ni damu inayopita karibu sana na ngozi. Unaweza kuongezeka au kupungua kwa siku, ila matamvua yakipauka kwa muda mrefu na mnyama akakataa chakula, hiyo ni dalili. Utando mweupe kama pamba ni kuvu. Ngozi yenye mabaka mekundu, au matamvua yanayonyauka, hudai maji yapimwe kwanza, maana amonia inayotokana na kinyesi huunguza. Joto nalo ni adui: nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi humfaa, na zikipita 24 anaanza kuteseka.

Matamvua yakinywea pamoja na pezi la mgongoni, huenda ni lile badiliko la mwaka 1865 linalojirudia. Ni nadra litokee lenyewe. Mwaka 1920 Julian Huxley alieleza jinsi alivyolisababisha kwa kuwalisha aksolotli tezi ya thairoidi ya ng'ombe. Kwa hiyo dawa yoyote yenye iodini haifai kuingizwa tangini kwa kubahatisha.

Huku matangi yakijaa, kwao kunabaki watupu. Mwaka 1998 watafiti walikadiria aksolotli 6,000 hivi kwa kila kilomita ya mraba ya Xochimilco. Mwaka 2003 walikuwa 1,000 hivi, mwaka 2008 wakawa 100, na mwaka 2014 walibaki 36. Mji umeibana mifereji na maji yamechafuka. Kwenye maji hayo wameingizwa kapi kutoka Asia na sato kutoka Afrika, yule yule tunayemnunua sokoni kwetu. Walipelekwa ili watu wapate chakula, nao wakala mayai na watoto wa aksolotli.

Tangu 2021 aksolotli amechorwa kwenye noti ya peso 50 ya Meksiko, na maelfu ya jamaa zake wanaishi maabara na majumbani. Hata hivyo, hao hawawezi kumwagwa tu mferejini wakachukua nafasi ya waliokwisha. Wengi wao wanatokana na mababu wachache sana, baadhi wana damu ya spishi nyingine, na weupe wao ungewaanika mbele ya kila korongo mwenye njaa.

Kwa hiyo, ukimkuta mtoto mweupe ameota vidoa, pima joto la maji, pima amonia, tazama kama anakula. Yote yakiwa sawa, mwache. Zile ni seli zake za rangi, zile zile ambazo kwa ndugu zake wa Xochimilco humficha na korongo.