Mwanga wa Dirishani

Bibi alipoanguka uani, kituo cha afya kilimpiga eksirei ya nyonga, lakini siku hiyo hakikuwa na daktari wa kuisoma. Mjomba akaishikilia filamu kwenye kioo cha dirisha, mimi nikaipiga picha kwa simu na kumtumia daktari wa mjini. Jibu likaja: "Inang'aa mno. Piga tena." Jua lilikuwa linazama.

Kusafirisha picha ya mwili ni kazi ya zamani kama eksirei yenyewe. Tarehe 22 Desemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha: mifupa, na pete kidoleni. Siku ya mwaka mpya alitia posta nakala za picha zake kwenda kwa wanasayansi wenzake. Tarehe 5 Januari gazeti moja la Vienna likaitangaza habari hiyo.

Baada ya hapo, kwa miongo mingi, picha ilisafiri ndani ya bahasha, kwapani mwa mgonjwa. Kompyuta zilipoingia hospitalini, mashine za kampuni mbalimbali hazikuelewana. Madaktari na watengenezaji wa Marekani wakatoa kanuni za pamoja mwaka 1985. Toleo la 1993 likapewa jina la DICOM, na mashine bado zinaongea kwa kanuni hizo.

Simu ilichelewa kuaminiwa. Mwezi Februari 2011 ndipo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipoidhinisha programu ya kwanza ya simu ya kusomea picha za vipimo na kutoa majibu, Mobile MIM, tena kwa sharti: itumike tu pale daktari asipoweza kuifikia kompyuta maalumu. Kinachonigusa ni jaribio lililomo ndani yake. Sehemu ndogo ya kioo cha simu hutofautiana rangi kidogo sana na sehemu nyingine. Daktari akiiona na kuigusa, mwanga wa mahali alipo unafaa. Kufika, picha ingefika. Shaka ilikuwa kwenye kuonekana.

Sisi hatukuwa na jaribio lolote. Mjomba alizima taa ya chumbani, nikasogea kando nisijione kwenye filamu, nikapiga. Tukangoja.

"Shingo ya mfupa wa paja imevunjika. Asisimame. Mleteni."

Tuliondoka naye alfajiri. Njiani Bibi akaomba aione. Nikaiinua filamu kwenye dirisha la gari, nikamwonyesha palipovunjika.