Baiskeli nyepesi kwenye mbio za siku 8: Wapi upunguze gramu, wapi uache

Baiskeli za wanaoongoza mbio ndefu za milimani ni nyepesi ajabu. Nyingi zina kilo 10 hadi 12 hivi, tena zikiwa na springi mbele na nyuma. Unainyanyua kwa mkono mmoja. Sasa swali ambalo mashabiki na mafundi hawaachi kubishania: vipuri vyepesi namna hii vinafika mwisho kweli?

Vingi vinafika. Na vinavyoshindwa wala si siri, fundi yeyote wa mbio hizi atakutajia.

Tuchukue mfano wa Cape Epic, mbio za Afrika Kusini zilizoanza mwaka 2004. Zinafanyika jimbo la Western Cape kwa siku 8, na watu wanashindana wawiliwawili. Njia inabadilika kila mwaka, lakini miaka ya karibuni imekuwa kati ya kilomita 600 na 700, na ukijumlisha vilima vyote unapanda mita 15,000 au zaidi. Kuna mchanga, vumbi, mawe makali, na mvua ikinyesha, tope la kutosha.

Halafu kuna sheria moja inayobana: wenza hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika 2. Maana yake kipuri chako kikikatika, mmesimama wote wawili.

Nusu kilo inakupa nini?

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa.

Kuinua gramu 500 kwa mita 15,000 kunahitaji kilojuli 74 hivi. Mtu mwenye mazoezi mazuri, anayepanda kwa nguvu ya wati 200, anazitoa kwa sekunde 370. Yaani ukipunguza nusu kilo kwenye baiskeli, wiki nzima ya kupanda inakupunguzia kama dakika 6.

Kwa anayetafuta ushindi, dakika 6 ni nyingi. Kwa anayetaka tu kumaliza, pancha moja mbaya inazimeza zote kabla ya saa nne asubuhi.

Tairi: hapa usibane

Tairi nyepesi za mbio fupi zina gramu 600 hivi. Zilizoongezewa kitambaa cha kulinda ubavu zinafika 750 hadi 800. Tofauti ya tairi mbili ni kama gramu 300, na kwa hesabu ile ya juu hiyo haifiki dakika 4 kwa wiki nzima.

Siku hizi karibu wote wanatumia tairi zisizo na tyubu, zenye maji ya mpira ndani yanayoziba matundu madogo. Mwiba hausumbui. Kinachosumbua ni jiwe lenye ncha linalopasua ubavu. Pale maji hayashiki, unachomeka vipande vya mpira, na visiposhika itabidi utoe kila kitu uweke tyubu huku mikono imejaa utelezi. Dakika 10 zinakatika hivihivi, na mwenzako anakutazama tu.

Yupo aliyeponea. Mwaka 2009, kwenye mbio za Leadville za Colorado, Marekani, zenye umbali wa kilomita 160 hivi, Lance Armstrong alimaliza kilomita za mwisho tairi la nyuma likiwa limeisha upepo. Akavuka mstari wa kwanza hata hivyo, kwa sababu alikuwa na pengo la karibu nusu saa. (Matokeo yake ya tangu Agosti 1998 yalikuja kufutwa kwa kosa la dawa, lakini hiyo ni habari nyingine.) Usipokuwa na pengo hilo, ubavu wa tairi ndio mpinzani wako.

Wengine huweka pete ya sponji ndani ya tairi ili rimu isigonge mawe. Inaongeza gramu 50 hadi 100 kila gurudumu. Kwa nyuma, ambako uzito mwingi unakaa, mimi naona inastahili.

Magurudumu na nati zake

Rimu ya kaboni ikigongwa jiwe ama inavumilia ama inapasuka. Ya alumini inabonyea, na fundi anainyoosha kwa koleo, safari ikaendelea. Rimu za kaboni za sasa zimeimarika sana, na kwenye mbio kubwa zimejaa. Ila ya mbele na ya nyuma hazipati mateso sawa, hivyo kuweka rimu ngumu zaidi nyuma si woga.

Kitu ambacho watu hawakiangalii ni nati za spoku. Za alumini zinakuokolea gramu 40 hivi kwa magurudumu yote mawili ukilinganisha na za shaba nyeupe. Lakini yale maji ya kuziba matundu yakivuja ndani ya rimu yanazila taratibu, na siku nati inakatika wala hukuwa umegonga kitu. Gramu 40 kwa wiki nzima ni nusu dakika. Weka za shaba.

Gia: nyepesi zinavumilia kuliko unavyodhani

Hapa wepesi unajitetea vizuri. Kaseti ya nyuma ya Shimano XTR ya gia 12 ina gramu 370 hivi, wakati ya Deore, ambayo ni ya bei nafuu, inakaribia 590. Siri iko kwenye malighafi: meno madogo ni ya chuma, ya kati titani, na duara kubwa kabisa ni za alumini.

Utasema alumini itaisha haraka, maana vilimani ndiko duara kubwa zinakotumika. Lakini duara la meno 51 linagawa mvuto wa mnyororo kwenye meno mengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila jino linabeba kidogo. Duara dogo la meno 10 halina nafasi hiyo, ndiyo maana linaachwa la chuma.

Kinachoua kaseti ghali ni mnyororo uliochakaa. Mnyororo ukinyooka kwa asilimia 0.5 unaanza kula meno. Mchanga na tope vinaharakisha mambo, kwa hiyo anza mbio na mnyororo mpya au uliotumika kidogo tu, na uoshe na kuutia mafuta kila jioni.

Usukani wa kaboni, breki na vingine

Usukani wa kaboni una gramu 160 hadi 200, wa alumini kama 250 hadi 300. Kaboni haichoki kwa mtikisiko wa kawaida kama alumini, lakini inachukia kubanwa kupita kiasi. Tumia spana yenye kipimo na ufuate namba iliyoandikwa, ambayo mara nyingi ni nyutoni-mita 5. Ukianguka vibaya, ukague wote. Ufa wa kaboni unaweza kujificha chini ya rangi, na baiskeli ya mtaani ikikatika chuma kuna wa kuichomelea, lakini kaboni huichomelei popote.

Diski za breki za milimita 160 zinamtosha mtu mwepesi. Ukiwa na kilo 85 na kuendelea, weka 180 mbele, uzito wake ni mdogo na mteremko mrefu hautakuchemshia breki. Pedi za chuma zinadumu kwenye tope kuliko za resini, ingawa zina kelele. Kwenye mvua kubwa, pedi za resini zinaweza kuisha ndani ya siku moja.

Siti na pedali: nunua unazoziweza mwilini, uzito baadaye.

Beringi ziangalie kwa sababu ya kuoshwa. Baiskeli zinaoshwa kila siku kwenye mbio hizi, na maji ya presha yakielekezwa kwenye habu yanasukuma grisi nje.

Mwisho ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika kibadilisha gia kwenye fremu. Kimetengenezwa kijipinde ili fremu ipone, na kina gramu chache tu. Zamani karibu kila fremu ilikuwa na chake, ukikikosa mjini umekwama. Mwaka 2019 SRAM ilitoa cha aina moja, na watengenezaji wengi wakakichukua. Kama fremu yako ni ya zamani, tafuta viwili mapema, kimoja kikae mfukoni na kingine kwenye begi la kambini.